Saa ya Kona Inakwenda, Baba

Baba, mwaka umetimia leo tangu ulipotuaga. Ilikuwa Jumatatu, siku yako ya kuitia ufunguo saa ya kona. Uliamka, ukavaa viatu, ukakaa kitini upumue kidogo. Hukuinuka tena.

Mjini walikuita Mzee Dakika. Saa ile ya nguzo, yenye nyuso nne, ilisimikwa na tajiri wako wa kwanza mbele ya duka lake la saa, ili wapita njia wainue macho kisha waingie kununua. Wewe ulikuwa mfagizi wake. Duka likawa benki, benki ikawa ghala la viatu, viatu vikapisha simu. Manispaa walipoichukua saa walikuchukua na wewe, kama mtu anayenunua mlango pamoja na kitasa chake. Kwa miaka arobaini na moja, kila Jumatatu, uliizungusha mara sitini na nne.

Mama bado anasimulia siku ya harusi yenu. "Nilimkuta juu ya ngazi na suti yake. Nikamuuliza, wewe unanioa mimi au unaoa saa? Akaniambia, hebu nishikie bisibisi kwanza."

Tunaukumbuka upole wako. Yule mama muuza matunda alikaa chini ya saa miaka mingi bila kujua kuisoma. Ulimpangia machungwa kumi na mawili kwa duara, ukamfundisha bila kumcheka. Somo lilipoisha mkala saa nne na saa tano.

Sasa tukiri kosa letu. Siku ya msiba, mkweo fundi bomba alipanda akaisimamisha saa kwenye saa mbili kasoro dakika kumi, dakika uliyotuacha. Alikusudia heshima, na sote tuliafiki. Wewe ungemsema mpaka ajute kuoa kwetu. Ilisimama siku kumi. Watu wakakosa mabasi, wakagombana na mabosi wao. Siku ya kumi na moja ikaja barua ya manispaa: saa ni mbovu, fundi wake hayupo, itang'olewa.

Tuliona aibu, Baba. Kesho yake mimi, binti yako mshonaji, nilikwenda ofisini kwao.

"Dada yangu, hiyo saa imekufa na mzee wake," ofisa alisema. "Na siku hizi kila mtu ana simu."

"Aliyekufa ni mzee. Saa tuliisimamisha wenyewe, kwa ujinga wetu. Nipe mwaka mmoja."

Akacheka. "Ikisimama hata mara moja, tunaing'oa."

"Sawa. Andika hivyo hivyo."

Akaandika.

Hatukujua kitu. Daftari lako lilikuwa na mwandiko wa kuku, tukajifunza kwa kuchubuka vidole. Wiki ya tatu tulipotewa na hesabu katikati, saa ikafika Jumatatu inajikongoja. Tangu hapo Mama, na magoti yake yale, husimama chini ya nguzo akihesabu mizunguko kwa sauti, na wapita njia humwitikia. Mkweo amepanda na homa, amepanda kwenye mvua. Anasema anaosha kosa lake, nasi hatumzuii. Ofisa hupita mara kwa mara na simu yake mkononi, akilinganisha. Mpaka leo hajaikuta imesimama.

Zimebaki siku kumi na mbili mwaka tuliopewa utimie.

Juzi wenye maduka wa kona walituomba, kwa mapenzi yao, leo tuisimamishe dakika moja tu kwa ajili yako. Muuza matunda alilia akituomba. Tuliwashukuru, tukakataa. Leo tumepanda, tumeitia mafuta, tumekupa salamu zetu hukohuko juu. Tumekukosa sana, Baba, na kazi tunaiendeleza.

Wanaokukumbuka ni mkeo. Binti zako, mshonaji na mwalimu. Mkweo fundi bomba, ambaye amekwisha kusamehewa. Na wajukuu zako saba.

Hatutakusahau maisha yetu yote, wala hatutaisimamisha tena.