Kioo cha Nyuma

Yaya, kaka yangu mkubwa,

Jumapili mjukuu wangu aliniita mbele ya televisheni. "Koko, kuya uone!" Mashindano ya magari, huko Uarabuni, kwenye lami inayong'aa kama sahani iliyooshwa. Akaniambia juzijuzi tu pale palikuwa mchanga mtupu, na leo madereva wakubwa wa dunia nzima wanakwenda kushindana pale. Nilikasirika, Yaya. Nilikasirika hadi nikaacha chakula. Wewe ulisema hivyohivyo juu ya Kabondo, mtaa wetu, na watu wakakucheka.

Unakumbuka? Uhuru ulikuwa umeingia, na yule Mgiriki mwenye gereji uliyofanyia kazi akakimbia na mke wake, akakuachia ufunguo wa gari lake. Wewe na wenzako mkapaka mapipa chokaa, mkayaweka kwenye kona zote za mashindano yenu, kutoka sokoni mpaka njia ya mto Tshopo na kurudi. Mama alifoka mpaka sauti ikamkauka.

"Acha, Mama," ukamwambia. "Siku moja wazungu watapanda ndege kuya kushindana hapa. Na wewe utawauzisha sahani za pondu!"

Mimi ulinikalisha kando yako, kazi yangu kuchunga kioo. "Mudogo, dereva mwenye haone nyuma, iko kipofu." Basi nikawa napiga kelele, "Yaya, anakuya! Kushoto!" na wewe unamfungia njia huku unacheka. Sijafurahi vile tena maishani, nakwambia kweli.

Halafu wakaja Simba, vijana wa uasi, walioogeshwa dawa ili risasi ziwe maji. Dawa ile ilikuwa na miiko yake: usimguse mwanamke, usiangalie nyuma. Walifika nyumbani asubuhi kuchukua gari, na wewe pamoja nalo. Mkubwa wao, kijana mwenye ngozi ya chui kichwani, alikiona kioo, akaking'oa kwa kitako cha bunduki.

"Simba haangalie nyuma. Ukiangalia, dawa inakufa."

Ni wewe tu uliyeweza kucheka siku ile. "Chef, mimi niko dereva, hapana Simba."

Hawakucheka. Wakakumwagia dawa palepale uani, Mama ameketi chini, amejiziba mdomo kwa kitenge. Ulipowasha gari ukaniambia, "Mudogo, chunga kioo yangu. Nikirudia tutaiweka."

Hukurudi. Aliyerudi ni jirani yetu aliyekuwa amekaa nyuma katika gari lile, na yeye alirudi na mkono mmoja. Alituambia ndege ya serikali iliwajia kwa nyuma kwenye njia ya Lubutu, chinichini, juu ya miti. "Motere yetu ilikuwa inapiga kelele, hatukusikia kitu. Na nani angegeuza kichwa?" Ungekuwa na kioo ungeiona mapema, ungeingia porini, wewe uliyezijua kona kuliko jina lako. Hatukupata hata kiatu cha kuzika. Mama akawa anatoka mlangoni kila gari likipita, mpaka akafa.

Dawa gani hiyo, jamani?

Basi Jumapili ile nikamwuliza mjukuu, "Hizo motokari ziko na kioo?"

"Mbili, Koko, huku na huku. Ni sheria."

Sheria! Nikatoka nje kuangalia pikipiki anayobebea abiria. Haina hata kimoja. Amevitoa mwenyewe, vijana wote wa hapa wanavitoa, eti vinaharibu sura ya pikipiki. Nikaingia ndani nikaleta kioo chako, nikamwekea mkononi. "Funga hii. Leo."

Akacheka. Yaya, alicheka vilevile ulivyocheka wewe pale uani. "Koko, hiyo ni ya zamani! Mimi niko na masikio." Akanirudishia, akawasha, akaenda zake.

Nilisimama katikati ya njia nikamwita, nikamwita, mpaka kikohozi kikanikamata. Hakugeuka.

Lala, Yaya, popote walipokuacha. Mimi bado niko mlangoni.

Mudogo wako,
kioo kingali kwangu.