Pete Mia Moja Zenye Pengo

Mave, mwanangu,

Ni mwezi wa tano sasa tangu tukuzike Bogoro, kando ya mama yako. Sijawahi kukuandikia barua. Tulikaa nyumba moja, ningekuandikia ya nini? Lakini jambo limetokea wiki hii na sina mtu wa kumwambia. Nilimwambia fundi wa saa, jirani yetu pale atelie, karakana yangu ya usonara. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kama pete za namna hiyo zinapata wanunuzi. Nikarudi kwenye meza yangu.

Unakumbuka siku uliyoingia atelie na karatasi yenye mchoro? Ulitaka pete mia moja za waya wa shaba nyekundu, zote za kipimo kimoja, na kila moja iwe na pengo lenye upana kama unene wa ukucha. Nikasema pete yenye pengo ni pete ambayo haijaisha. Ukacheka. Ukavuta kiti, ukaanza kunifundisha, mimi niliyekufundisha kushika koleo.

Ulisema huko ng'ambo watu wanatengeneza pete kama hizo kwa dhahabu na fedha, ndogo mno, hata mia zinapangika ndani ya upana wa unywele mmoja. Mwanga ukizifikia hauendi tena kama ulivyozoea: unapinda, unarudishwa, unabadilika rangi. Na umbo la pete na kipimo chake vinaamua mambo mengi kuliko aina ya chuma. Hapa Bunia hatuna mashine ya kutengeneza vidogo vile. Lakini wimbi la wifi, ulisema, ni ndugu wa mwanga, ila ni refu sana, kwa hiyo pete zake zinaweza kuwa kubwa, za kuvalika kidoleni. "Papa, mikono yako inatosha," uliniambia.

Ukaniambia pia kwamba dhahabu ikigawanywa vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, ikachanganywa na kioo, kioo kinakuwa chekundu. Nilibisha. Nimezeeka na dhahabu mkononi, sijaiona ikiwa nyekundu hata siku moja. Uliinama ukaendelea kuandika, nikajua nimekuumiza. Nilijua, nikarudi kwenye kazi yangu.

Pete nilizitengeneza. Halafu ukaenda Tchomia kumwona shangazi yako, nikabaki nazo mezani. Nikaona haya. Hizi zinaenda chuo kikuu, nikafikiri, maprofesa watasema fundi huyu hajui kazi. Nikaziunga kwa moto, moja moja, nikazisugua hadi zikang'aa, nikazitia kwenye mkebe. Siku tatu. Nilidhani nakupa zawadi, Mave.

Uliporudi ulimwaga mkebe mezani, ukaokota pete moja, ukaigeuzageuza. Hukupandisha sauti. "Papa, umeshazifunga zote." Basi. Kisha ukanionyesha kwa kidole namna umeme ulio ndani ya shaba unavyokimbia kuzunguka pete, unafika kwenye pengo, unarudi, unafika tena upande wa pili, unarudi, kama mtoto kwenye bembea. Wimbi likija kwa mwendo huohuo, pete inalikamata. Pete ya kipimo kile ikifungwa, wimbi linapita tu kama hakuna kitu.

Nikakuahidi nitazifungua. Ila ulikuwa wakati wa ndoa nyingi, mabwana harusi wananingoja mlangoni, nikasema kesho. Nikasema wiki ijayo. Hukunisukuma. Siku ya kutetea kazi yako ya mwisho chuoni ilikuwa inakaribia, na kila asubuhi ulipopita mbele ya meza yangu uliutazama ule mkebe kwanza, ndipo ukanisalimia. Halafu homa ikakushika. Siku nne tu. Mkebe ulikuwa bado na kifuniko chake.

Baada ya matanga watu walirudi kwao. Nyumba ilikuwa kimya mno. Nilikuwa nawasha redio asubuhi na kuiacha iseme peke yake, nikienda kazini na nikirudi. Kiatu chako kimoja kilikuwa chini ya kabati, sikukiondoa.

Siku moja nikafungua mkebe. Nikachukua msumeno mwembamba, nikakata pengo la kwanza, msumeno ukateleza, pete ikaharibika. Nikatengeneza nyingine. Kazi ya mabwana harusi niliipeleka kwa mafundi wengine. Nilipofikisha mia, nikazibandika kwenye karto, ile karatasi ngumu ya maboksi, kwa mistari, sawasawa na mchoro wako, mapengo yote yakitazama upande mmoja.

Jumanne nikaipeleka kwa profesa wako. Alinipa kiti, akanipa pole. Akasema, "Muzee, kazi ya mutoto ilishafungwa." Hakusema kwa ubaya. Mwanafunzi hayupo, nani atatetea? Nikamjibu kwamba sikuja kuomba diploma. Apime tu.

Akasimamisha karto katikati ya kisanduku cha wifi na simu yake. Namba ya nguvu ya wimbi kwenye simu ikashuka. Akaiondoa, namba ikapanda. Akairudisha, ikashuka tena. Akaweka karto tupu isiyo na pete, namba haikutikisika. Alirudia mara tisa, kila mara akiandika, na mimi nimesimama nyuma yake nikiwa nimeshika kofia. Mwishowe akavua miwani.

"Muzee, mutoto alihesabu muzuri."

Mave, nililia mbele ya yule mtu. Nilimwuliza pia kuhusu dhahabu nyekundu. Akasema ni kweli, tangu zamani mafundi wa vioo waliijua rangi ile, ila hawakujua inatoka wapi. Kumbe nilikubishia bure. Na sikukuomba msamaha ulipokuwa unanisikia, kwa lile wala kwa zile kesho zangu. Nakuomba sasa.

Karto imebaki kwake, atawafundishia wanafunzi. Aliuliza aandike nini nyuma yake. Nikachukua kalamu nikaandika mwenyewe jina lako, lote, pamoja na la mama yako. Langu akaliongeza yeye.

Kisha nikatembea hadi nyumbani kwa miguu. Barabara imejaa watu na pikipiki, mimi nikiwa na habari kubwa kifuani, na kila uso niliokutana nao haukuwa wako.

Profesa alinipa nakala ya karatasi ya vipimo. Vingine sielewi maana yake. Jumapili nitapanda Bogoro, ning'oe majani kaburini, kisha nitaketi karibu yako na kukusomea namba zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, polepole, ili uzihakikishe.

Pumzika, mutoto yangu. Nakuja.

Papa yako