Kaka Analeta Watoto wa Mbwa Katika Ua Wenye Maradhi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kwanza uniwie radhi kwa kunyamaza tangu uliponiliwaza nilipofiwa na mume wangu, maana sikukusahau, bali sikuwa na neno jema la kuandika, na hata leo sinalo. Baada ya msiba ule kaka yangu mkubwa, fundi saa, alinipa mbwa mdogo aliyezaliwa kwake, nikamwita Tajiri, akawa ndiye wa kunilaki mlangoni, lakini mwezi uliopita aliacha kula, akatapika, akahara damu, na daktari wa mifugo akaniambia kuwa ni virusi vya parvo, chanjo ingalimkinga, sasa tumechelewa. Nilimzika nyuma ya jiko kwa mikono yangu.

Kaka hajui. Kila akipiga simu huuliza, "Tajiri hajambo?" nami hujibu, "Hajambo, ananishinda kula," kisha nalia, sithubutu kumwambia ukweli, kwa kuwa kaka ni mgonjwa wa moyo na mama yake Tajiri ndiye pekee aliyebaki naye nyumbani. Sasa hospitali imempa nafasi ya kupasuliwa, naye ameapa kwamba hataenda mpaka mbwa huyo na watoto wake wanne wanaonyonya wafike kwangu. Nilipouliza kama wamechanjwa, alicheka: "Bibie, mbwa ni mbwa, si bwana harusi apambwe kwa sindano!" Nikiwapokea, watakufa uani kwangu, nikikataa, hataingia hospitali, naye atakufa. Anakuja Jumamosi. Nimesugua sakafu kwa sabuni hadi vidole vimechubuka. Nitakuandikia nikishaamua.

Mjane mwenye ua mtupu

JIBU

Mama, pole kwa Tajiri. Acha kusugua. Sabuni haiviui virusi hivyo. Maji ya klorini huviua sakafuni, lakini udongo hukaa navyo miezi mingi. Mbwa asiyechanjwa asikanyage hapo. Hilo halina mjadala.

Unaona njia mbili. Ipo ya tatu, nawe unaikwepa kwa sababu inapita kwenye ukweli: hamia wewe kwa kaka yako, uwatunze huko huko. Usiende na viatu ulivyomzikia Tajiri, wala bakuli lake. Oga, vaa nguo zilizofuliwa kwa klorini, na ndala mpya uzivalie mlangoni kwake. Daktari wa mifugo atangulie kuwaona, akupangie chanjo za mama na watoto, nawe uzifuate zote, kwani moja haitoshi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha maradhi, ukaficha na kifo. Ulimhurumia kaka yako, najua. Huruma hiyo sasa inamletea misiba mingine minne. Huenda akakukasirikia, huenda akaikataa hospitali kwa uchungu, na kwa hilo sina dawa ya kukupa.

Umeahidi kuniandikia ukishaamua. Mimi naweza kungoja, Jumamosi haingoji. Mpigie simu leo, na akikuuliza kama Tajiri hajambo, mjibu.