Fundi Cherehani na Mtalaka Wake

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KIKUNDI CHA AKINA MAMA CHA KUSAIDIANA

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Saluni ya Msusi, baada ya mashine za kukaushia nywele kuzimwa
Waliohudhuria: Mwenyekiti (mwalimu mstaafu), Msusi, Fundi Cherehani, Katibu (muuza vitambaa) na wanachama wengine tisa
Hakuhudhuria: Wifi yake Mwenyekiti, bila taarifa, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi alasiri, akawaomba wanachama wasikatizane. Walikubali, wakaendelea kukatizana.

KUMB. NA. 2/6: KASHFA
Msusi alieleza kwamba Fundi Cherehani huonekana kila asubuhi akiingia kwa mtalaka wake na kufunga mlango. Alikumbusha kwamba mwanaume huyo ndiye aliyemtupia virago nje, mtaa mzima ukitazama, kwa ajili ya mke mdogo. Alisema hiyo ni kashfa, kikundi kinachafuka jina, akaomba Fundi afutwe uanachama.

Mwenyekiti aliuliza kashfa maana yake nini. Msusi alijibu kwamba ni aibu iliyofichuka. Mwanachama mmoja alisema siku hizi hata kuchelewa kurudisha sufuria ya watu ni kashfa. Mwingine alisema ikiwa ya jirani ni kashfa, ikiwa yako ni matatizo ya kifamilia. Kikao kilicheka, isipokuwa Msusi.

KUMB. NA. 3/6: MAELEZO YA FUNDI
Fundi alieleza, bila kusimama, kwamba mwanaume huyo amepooza upande mmoja na mke mdogo alishaondoka. Yeye humwogesha, humbadilishia shuka na kumnywesha uji, kisha huenda kufungua kibanda chake. Mlango hufungwa kwa sababu mgonjwa yuko uchi.

Mwenyekiti alimpongeza kwa moyo wa kusamehe. Fundi alimkatiza: "Hapana, Mwalimu, hilo lisiandikwe. Mimi sijamsamehe. Namwogesha tu."

Katibu anakiri kwamba hapa kalamu ilisimama. Hajapata kuona wanawake hawa wakinyamaza namna ile.

KUMB. NA. 4/6: MAAZIMIO
Hoja ya kumfuta uanachama haikupigiwa kura. Msusi alimuuliza Fundi: "Ukimgeuza, nani anakushikia?"

Fundi alijibu: "Hakuna."

"Kesho unaenda saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Basi nipitie, dada."

KUMB. NA. 5/6: KUFUNGA
Mwenyekiti hakutamka kwamba kikao kimefungwa. Wanachama waliinuka mmoja mmoja, wakampa Fundi mkono, wakatoka. Ilikuwa saa kumi na moja.

Sahihi: ................ Mwenyekiti
Sahihi: ................ Katibu