Tumzike Cucu Ngendo Ukiwepo

Nyumbani kwa Cucu Ngendo,
Nyuma ya kiwanda cha kahawa,
S.L.P. 218,
Karatina.

Jumapili, 2 Novemba 2025

Mpendwa Tata Wachuka, mama yangu mdogo,

Pokea salamu kutoka kwa mwandishi wa barua ambaye Karatina haijazaa wa pili wake tangu soko lianze. Ni kweli niliacha shule Kidato cha Pili, lakini ni kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na la kunifundisha, wakawa wananiangalia tu. Siku hizi hata chifu akiwa na jambo zito la kuandika huuliza kwanza, Gathogo wa Njoki yuko wapi? Kwa hiyo shika karatasi hii kwa mikono miwili, tena iliyonawa.

Hujambo lakini? Jua la Lodwar limekufanya mweusi kiasi gani? Wamae, yule dereva wa lori, alituambia amekuona kwenye hoteli unayopika. Anasema umekonda, ila sauti ni ile ile ya kufukuza mbwa wa jirani. Nilifurahi, maana miaka sita bila kusikia sauti hiyo si mchezo. Huku ni ukungu na baridi, mlima hatujauona wiki mbili, ng'ombe amezaa dume, na mimi mwili ni mzima.

Mwili tu. Tata, kama uko jikoni epua sufuria kwanza, ukae. Mama yako, Cucu wetu, ametuacha. Ni Jumanne iliyopita, asubuhi, ndani ya pikapu ya jirani yetu Peterson, tukimpeleka hospitali Nyeri. Hatukuwa tumefika hata Marua. Ni kifua. Kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja yangu.

Tunamzika Ijumaa hii, saa nne. Namba yako ya zamani haipatikani, na Wamae hakuchukua namba ya hoteli, kwa hiyo njia iliyobaki ni karatasi hii. Ataondoka nayo kesho alfajiri juu ya viazi, Jumanne jioni awe Lodwar. Ukipanda basi Jumatano, Alhamisi uko hapa. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko zote nilizopigishwa shuleni. Njoo, Tata. Nakusihi.

Kuna jambo lingine linalonifanya nikuharakishe. Kamati ya mazishi imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wa Cucu, ule utakaochapishwa na picha yake na kusomwa kaburini. Nilipofika mahali pa watoto, Mjomba Moffat alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Andika watoto ni wawili," akasema.

"Si ni watatu, Mjomba?"

"Wawili. Njoki Mungu alimchukua, na mimi niko hapa. Huyo mwingine waandikie watu wa Turkana."

"Lakini Cucu alizaa watatu."

"Wewe Gathogo, ulipewa kalamu ama ulipewa mdomo?"

Nikamwambia nilipewa vyote viwili, na kimoja ni kirefu kuliko kingine. Watu wa kamati walicheka, yeye hakucheka. Unajua mambo yetu. Siku hiyo watoto wataitwa kutia udongo mmoja mmoja kwa kufuata kuzaliwa: Moffat, halafu mimi kwa niaba ya mama yangu, halafu wewe. Jina lako likirukwa mbele ya watu wote hawa, limerukwa. Wasifu ukishasomwa kaburini hakuna mtu anayerudi kuusahihisha. Lakini ukiwa umesimama hapo na leso yako, ni nani atathubutu kukuruka? Nimewadanganya kwamba mashine ya kuchapisha ya saiba imeharibika hadi Alhamisi. Nafasi ya mtoto wa tatu bado iko wazi.

Na huo wasifu wenyewe umenishinda, mimi huyu. Nimeandika kwamba marehemu alikuwa mchapakazi na mkarimu, halafu nikakumbuka kwamba hapa kwetu kila marehemu ni mchapakazi na mkarimu, hata yule mzee wa kule chini aliyekuwa akila kuku amefunga mlango kwa komeo. Nikakata. Sasa nakuandikia wewe vile alivyokuwa, labda mkono ukishapata moto nitaweza.

Unakumbuka mkokoteni wa kabeji? Alikuwa akiusukuma mwenyewe hadi sokoni kabla jogoo wa Tabby hapo jirani hajamaliza kukohoa, na mtu akijitolea kumsaidia, anampa kabeji moja na kumwambia arudi kwao akalale. Hadi mwaka huu, miaka sabini na nne. Akitoka sokoni anaingia kwenye kahawa. Akitoka kwenye kahawa anakata majani ya ng'ombe. Nilimwuliza siku moja, Cucu, wewe huchoka lini? Akaniambia atachoka akipata nafasi.

Na sufuria yake ya githeri, mahindi kwa maharagwe, ile kubwa kuliko familia. Hakuwahi kumwuliza mgeni kama atakula. Alisema ukimwuliza mtu swali hilo umeshamfukuza, maana mwenye adabu atasema ameshiba. Yeye aliweka tu sahani mbele yako akaendelea na hadithi. Hata yule mtu wa stima aliyekuja kutukatia umeme alikula sahani mbili, akanywa chai, akaenda zake akasahau koleo. Iko hapa bado.

Wamae mwenyewe si alikuwa mwizi wetu wa avokado? Cucu alimkuta juu ya mti. Hakupiga kelele. Alimwambia ashuke polepole tawi lisivunjike, akampa githeri pamoja na hayo hayo avokado, kisha akampa jembe akapalilia maharagwe hadi jioni. Leo ndiye anayekuletea barua hii, na nilipomwomba aliniuliza kama namtukana, ati ninamwomba jambo kama hilo.

Hata Pritesh wa duka la vitambaa alifunga duka Alhamisi akaja kwa maombi na mama yake, Bharti. Cucu aliuza nduma, magimbi yetu haya, mbele ya mlango wao miaka ishirini, na yeye na Bharti walikuwa wakiongea kutwa Kiswahili ambacho wote wawili hawakijui. Mama huyo alikaa kwenye nyasi akakataa kiti. Alisema, "Ngendo nalisha mimi kila siku. Mimi nalisha yeye mara ngapi?"

Sasa nikuambie usilolijua. Siku ile uliporudi kutoka kwa mume wako Kerugoya, Mjomba akasema binti aliyeolewa hawezi kurudi kukata shamba la baba yake, Cucu alikuwa anasonga ugali na hakusema neno. Ukachukua kimya hicho ukaenda nacho hadi Lodwar. Wiki iliyofuata alipanda nduma kule mtoni, mistari sita, akasema ni za Wachuka na mtu asiziguse. Mwaka juzi mke wa Mjomba alizichimba kidogo tu kwa ajili ya wageni. Cucu alizikuta zimeshaoshwa ziko kwenye karai, akazibeba akarudi akazizika. Tulimcheka. Zilioza, lakini zile nyingine ziko mpaka leo, majani yake yananifika kifuani, na mimi si mfupi.

Tangu afariki nyumba hii haina sauti, Tata. Watu ni wengi, hema limejaa, lakini sufuria ile kubwa inapikwa na watu wa kamati, na wanawauliza wageni kama watakula. Nilimsikia mmoja akijibu ameshiba. Nilitoka nje nikaenda kusimama na ng'ombe. Natania sana, nikiacha kutania sijui nitafanya nini na mikono yangu.

Utaniuliza, kama ni kifua, kwa nini hakupelekwa mapema? Alhamisi tarehe ishirini na tatu daktari wa kliniki alimpima akasema aende hospitali kubwa siku hiyo hiyo, akilazwa atapona. Cucu alikataa. Tabby alimbembeleza, Mjomba akafoka, Peterson akawasha pikapu hapo nje. Alikataa kabisa. Alisema Wachuka yuko njiani, na binti anayetoka mbali hivyo hawezi kufika akute kufuli mlangoni na jiko limepoa. Akaamka akachemsha maharagwe ya njahi. Kila siku alichemsha kitu, mkono mmoja umeshika ukuta.

Watu wote walimsikia. Ndiyo maana Mjomba amekukasirikia, na si yeye peke yake. Wanasema uliahidi kuja ukamkalisha mama mgonjwa akikungoja. Usishangae ukikuta nyuso zimekunjwa. Najua sasa hivi umeishusha karatasi unasema, niliahidi lini mimi? Subiri kidogo. Nitafika hapo nikipata nguvu.

Tabby anakusalimia sana, amelia mpaka sauti imekuwa ya mwanamume. Peterson anasema ukifika stendi ya Karatina usipande boda, umwite yeye. Bharti ameniambia nikuandikie kwamba mama yako alikutaja kila siku ya soko. Mjomba Moffat hajatuma salamu, lakini nilimwona jana akitazama picha yako ya kipaimara na akaifuta vumbi kwa kofia yake, kwa hiyo hizo ni salamu, mimi nazihesabu.

Mungu aliyemlinda Cucu kwenye barabara ya soko miaka yote ile akulinde na wewe kwenye mabasi, akufikishe udongo haujarudishwa.

Hapa ndipo nilipotaka kutia sahihi. Nimeshika kalamu kwa muda, haiandiki jina langu.

Tata, Jumatatu ile ya tarehe ishirini Cucu alinituma sokoni kwa Wamae na maneno ya kukufikishia wewe. Yalikuwa machache. "Mwambie Wachuka arudi kwake. Siku ile sikunyamaza kwa ubaya, nilikosa neno." Nilipitia kwenye meza ya pool. Nilikuwa nawafunga mmoja baada ya mwingine na watu wananishangilia. Nilipotoka lori lilikuwa limeondoka.

Ningerudi niseme hivyo. Angenitukana kidogo kisha angenipa chakula. Lakini alikuwa amekaa mlangoni akinitazama nikipanda kilima, akauliza kabla sijafika, "Umempa?" Nikasema nimempa. Jumatano akauliza kama kuna jibu. Nikasema Wamae amenipigia ukiwa karibu naye, nimeongea na wewe, umelia, umesema Ijumaa uko hapa. Alipiga makofi kama msichana. Akaenda mwenyewe mtoni kukuchimbia nduma, na kulikuwa na mvua.

Kesho yake ndiyo kifua kikambana. Daktari akasema yale aliyosema, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Ijumaa nikasema mto umejaa, barabara imekatika. Jumapili nikasema umefika Kitale. Jumatatu nikasema umelala Nakuru. Kila nilipomsogezea siku alinisadiki, akajaza thamosi chai nyingine, akakataa pikapu. Jumanne alikuwa hawezi tena kukataa, ndipo tukambeba.

Wewe hukuahidi kitu. Hukujua hata kama anaumwa. Aliyemkalisha mama yako nyumbani siku tano ni mimi, na hapa hakuna mtu niliyemwambia.

Wako anayekupenda, hata ukifika ukininyima mkono,

Gathogo