Mishale Sita ya Kumaliza Msiba

Jumatano, 9 Julai 1975

Baba mdogo Lyamba kaja na habari zake. Msiba wa baba utamalizwa Jumamosi tarehe 16 Agosti, siku moja baada ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Sawa. Halafu upinde. Kwenye ukoo wetu upinde wa marehemu haugawiwi kama sufuria. Mtoto anayeutaka atengeneze mishale sita kwa mkono wake, aipige kwenye kichuguu mbele ya ndugu. Ukivunjika hata mmoja, upinde unakwenda nyumba nyingine. Yaani kwa Josephat, mwanawe. Na atakayeushika ndiye atakayeitwa kwa jina la baba.

Anasema, Gaspar, wewe mwalimu unaijua chaki, mti je? Nikajibu mti ni mti. Akacheka mpaka akakohoa.

Mishale ya baba mwenyewe haipo. Tuliivunja yote kaburini, ndiyo desturi. Kwa hiyo hata wa kuigia sina.

Jumapili, 13 Julai

Nimetoka misa nikaingia porini na panga. Pori gani? Tangu operesheni ya vijiji ituhamishie hapa Mwamkulu mwaka jana, kila nyumba imekata nguzo zake na fito zake. Vimebaki visiki. Kichaka cha mikole cha baba — alikuwa anakikata kila mwaka ili kichipue wima — kiko kule tulikotoka, mbele ya Sitalike, na kule sasa ni hifadhi. Mwalimu akikamatwa na panga ndani ya hifadhi, kesho atafundisha nini?

Nimezunguka mpaka saa tisa. Fito tisa za mkole. Nimezimenya maganda palepale, nyeupe, safi. Nimezianika juu ya bati zikauke upesi.

Ijumaa, 18 Julai

Zote zimepasuka. Tisa! Nyingine zimejikunja kama mkia wa mbwa. Eufrazia kazichukua za kuchochea moto. Anasema baba yake hakuwahi kumenya fito mbichi. Alizifunga mzigo na maganda yake, akazitundika juu ya moshi wa jiko wiki tatu au zaidi. Miaka kumi na moja ya ndoa, leo ndiyo naambiwa. Mbona hukusema?

"Hukuuliza, baba Marsela."

Nimekasirika na sina wa kumkasirikia.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekata nyingine kumi na nne. Vidole vimechubuka. Eufrazia kazifunga mwenyewe, kazitundika jikoni, kanikataza kuzigusa kabla ya tarehe kumi ya mwezi ujao. Nani atasubiri?

Jumamosi, 26 Julai

Sikusubiri. Nimekwenda mjini kwa Seleman, fundi seremala. Nilifikiri mti mgumu uliokwisha kukauka ndio jibu. Kwanza kanionyesha kipande cha mpingo. Kizito kama nondo, mshale wa hivyo utadondoka miguuni pangu. Tukachagua mbao ya mninga. Msumeno nimeshika mimi, randa nimepiga mimi, yeye anaelekeza tu, nisije nikaambiwa nimefanyiwa kazi. Fito sita, nyekundu, zimenyooka kama rula.

Seleman anasema kwa mguu wa kiti anadhamini, kwa mshale hajui. Maseremala ni waoga.

Jumapili, 3 Agosti

Upinde wa baba uko kwa baba mdogo, umefungwa kwenye ngozi, haufunguliwi kabla ya siku yake. Nimeazima wa Masele, jirani yetu Msukuma, anaofukuzia nyani shambani. Mninga wa kwanza umekatikia mkononi nilipoachia ugwe tu. Kibanzi kimeingia chini ya dole gumba la kushoto. Damu, zahanati, sindano. Pumbavu mimi.

Nimekaa na kile kipande kilichovunjika. Nyuzi za mti zinakwenda mshazari, zinatokea ubavuni. Msumeno unafuata mstari wa penseli, haujali nyuzi zinaelekea wapi. Fito iliyochipuka ina nyuzi zake nzima kutoka chini mpaka juu. Mtoto wa darasa la nne angeona. Mimi niliona wekundu wa mbao.

Jumanne, 5 Agosti

Mkono umevimba. Josephat kaja kunipa pole, kaleta asali. Kaangalia mzigo wa fito juu ya moshi, kaondoka. Afadhali angenicheka.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefungua mzigo. Mbili tu ndizo zilizoharibika! Zilizobaki nimezimenya, nimezipitisha juu ya makaa, nimezinyoosha kwenye goti moja moja. Nimechagua sita nyembamba, ndizo nyofu na nyepesi. Nene nimemwachia Eufrazia kuni.

Jumatano, 13 Agosti

Manyoya ya kanga wa porini, ncha kutoka kwa mhunzi. Nimepiga yote sita kwa upinde wa Masele, hatua thelathini. Yote imeingia kwenye kichuguu, hakuna uliovunjika. Nimekula sahani mbili za wali.

Jumamosi, 16 Agosti, saa nne asubuhi

Naandika upesi, mlango nimefunga. Misa imekwisha, ndugu wamejaa uani. Baba mdogo kafungua ngozi, kanikabidhi upinde niingie nao ndani, nivae, niutie ugwe. Nimeshindwa mara mbili, mara ya tatu nimetumia goti. Ni mnene karibu mara mbili ya ule wa Masele. Nimeuvuta, umefika nusu, ukagoma. Nimechukua mshale mmoja nikaubonyeza kwa vidole, umepinda kama bua. Upinde huu utauvunja kabla haujatoka. Fito huchaguliwa kwa upinde wake. Mimi nimechagua kwa upinde wa jirani!

Josephat kapita dirishani. Kasema polepole, "Kaka, usivute mpaka mwisho. Vuta nusu, itafika."

Itafika, ndiyo. Na kila mtu atakuwa ameona sikuvuta.

Nikamwuliza kajuaje. Kasema marehemu alikuwa anamwachia auvute, kila baada ya mavuno. "Wewe ulikuwa shule, kaka." Hakusema kwa ubaya.

Nina miaka thelathini na nne. Upinde wa baba yangu nimeushika leo kwa mara ya kwanza. Mwezi mzima nimepigana na miti, na huu sijawahi hata kuuliza unavutwaje. Baba alikuwapo, ningemwuliza. Naona aibu.

Baba mdogo anaita. Josephat bado yuko dirishani, kageuka upande wa pili ili asinitazame. Nusu au mpaka mwisho? Au nimpe yeye, mbele ya wote, kabla sijavunja kitu?

Eufrazia anagonga. Anauliza kama nimemaliza kuvaa.

Nimevaa zamani.