Jina Nililoliandika kwenye Fomu

Shemeji yangu mpendwa,

Natumaini magoti yako yameacha kukusumbua. Hapa paa limezibwa, na yule kuku uliyeniachia bado anataga kitandani kwangu bila haya.

Niwie radhi kukuletea jambo zito. Binti yetu, daktari wa upasuaji, alifiwa na wagonjwa wawili katika juma moja. Kisha watafiti wakaleta fomu ya kuwauliza wapasuaji hali zao. Akaijazia hapa nyumbani, akaiacha mezani: nalala vyema, nakula vyema, sina huzuni. Mimi ninayemsikia akilia bafuni sikuuvumilia uongo ule. Nikausahihisha kwa wino mwekundu, kama madaftari ya shule. Fomu haikutaka jina. Lakini shule ya misheni tulifundishwa kwamba barua isiyo na jina ni utovu wa adabu, basi nikaandika jina lake kamili, nikamkabidhi fomu daktari mkuu wa hospitali yake kwa mikono miwili.

Wamemwondoa chumba cha upasuaji.

"Baba, kazi ile ndiyo iliyokuwa ikiniamsha," aliniambia. "Sasa niamke niende wapi?"

Tangu hapo hajanena nami. Kila asubuhi hunawa mikono hadi viwikoni, kisha hurudi chumbani na kujifungia.

Njoo, shemeji. Wewe mama yake mdogo atakufungulia. Utanikuta na ndevu ndefu, jambo ambalo marehemu dada yako hangelivumilia. Unisamehe, nimeziondoa nyembe zote humu nyumbani.

Ni mimi shemeji yako, mwenye kosa,
Mwalimu